Namna ya Kupandisha Ngazi za Mhusika Haraka katika Old School RuneScape

Mchezaji mpya wa Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni, akishamaliza kisiwa cha mafunzo na kutua Lumbridge, mji wa kuanzia, mara nyingi huvuka daraja, huona banda la kuku, na huanza kuwapiga. Saa mbili baadaye bado yuko bandani, upanga wake ni uleule wa bronzi, na anashangaa kuona waliojiunga siku moja naye wamevaa mavazi ya mithril, madini ya mchezo yaliyo bora kuliko bronzi. Tofauti yao haitokani na kukesha. Wenzake wamejua ni wapi pointi za uzoefu hutolewa kwa mafungu makubwa, na wamejifunza kupunguza dakika zinazopotea kati ya tendo moja na jingine.

Nimeuchagua mchezo huu kwa sababu mbili. Kwanza, hesabu yake iko wazi: kila tendo lina idadi yake ya pointi, ambazo kwenye skrini huandikwa XP, na idadi hiyo haibadiliki kwa bahati. Pili, kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, iliufungua mwaka 2013 kwa kutumia nakala ya RuneScape ya mwaka 2007, na tangu Oktoba 2018 unachezwa pia kwenye simu kwa akaunti ileile ya kompyuta. Kwa hiyo simu ya kawaida inatosha, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inamfaa hata yule asiyelipia uanachama.

Kabla ya kupanga lolote, ielewe ngazi yenyewe. Kila stadi ya mhusika ina ngazi zake. Kutoka ngazi ya 1 kwenda ya 2 unahitaji XP 83 tu. Ngazi ya 10 inahitaji jumla ya XP 1,154, ya 30 inahitaji 13,363, ya 40 inahitaji 37,224, ya 60 inahitaji 273,742, na ya 99, iliyo ya mwisho, inahitaji 13,034,431. Kwa makadirio, jumla inayohitajika huongezeka maradufu kila baada ya ngazi saba, na ndiyo maana mchezaji aliyefika ngazi ya 92, mwenye XP 6,517,253, yuko nusu ya safari ingawa namba inamdanganya kuwa amebakiza hatua saba. Kutokana na umbo hilo la hesabu, fungu la XP 5,000 si kitu kwa aliyefika ngazi ya 70, ila kwa aliye ngazi ya 1 linamrusha hadi ya 20. Mafungu ya namna hiyo yanatolewa na misheni, yaani kazi zenye hadithi ambazo kwenye skrini huitwa quest, na wakati wa kuyachukua ni mwanzoni kabisa.

Anza na misheni, usianze na kuku

Misheni ya kwanza ninayomshauri mtu yeyote ni Vampyre Slayer, inayoanza kwa Morgan katika kijiji cha Draynor, magharibi ya Lumbridge. Malipo yake ni XP 4,825 za Attack, yaani stadi inayoamua shabaha ya mapigo yako na aina ya silaha unayoruhusiwa kushika. Kwa asiyekuwa na kitu, malipo hayo yanamfikisha ngazi ya 20 kwa mkupuo mmoja, na ngazi ya 20 ndiyo inayofungua silaha za mithril. Bronzi, chuma na feleji unaziruka zote. Tahadhari iliyopo ni kwamba adui wa mwisho, mnyonya damu Count Draynor, ana ngazi ya mapigano 34, na mhusika mpya hupigika kwa urahisi. Panda ghorofani nyumbani kwa Morgan uchukue kitunguu saumu kabatini, kwa kuwa kukibeba humdhoofisha adui huyo. Mnunulie Dr Harlow bia katika baa ya Blue Moon mjini Varrock ili akupe kigingi cha kumchoma adui huyo. Beba nyundo ya kukipigilia, kisha ujaze nafasi zilizobaki kwenye mkoba kwa samaki waliopikwa. Ukikosa nyundo utapigana vita vizima bila kuweza kummaliza.

The Restless Ghost, inayoanzia kanisani Lumbridge kwa Father Aereck, hutoa XP 1,125 za Prayer. Linganisha: mfupa wa kawaida ukiuzika unakupa XP 4.5, kwa hiyo misheni hiyo fupi ni sawa na kuzika mifupa 250. Imp Catcher nayo hutoa XP 875 za Magic, zinazotosha kufika ngazi ya 8.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mnyororo wa misheni mbili za upande wa Falador, kwa sababu unaonyesha jinsi misheni moja inavyofungua mlango wa nyingine. Doric, mbilikimo anayeishi kaskazini ya mji huo, anataka udongo wa mfinyanzi 6, mawe ya shaba 4 na mawe ya chuma 2. Anayeanza hawezi kuchimba chuma, kwani chuma kinahitaji ngazi ya 15 ya Mining, kwa hiyo anayanunua. Doric anamlipa XP 1,300 za Mining, na mchezaji anafika ngazi ya 10 bila kugusa sururu. Ngazi hiyo ya 10 ndiyo inayotakiwa katika The Knight's Sword, misheni inayoanza kwa msaidizi aliyesimama uani mwa ngome ya Falador, ambaye amepoteza upanga wa bwana wake. Unakwenda kwa Reldo katika maktaba ya kasri la Varrock, unarudi kusini ya Port Sarim kumpelekea mbilikimo Thurgo pai ya redberry, kwa kuwa bila pai hasemi neno. Kisha unaiba picha ya upanga kutoka kabatini mwa Sir Vyvin ndani ya ngome ya Falador, unampelekea Thurgo vipande 2 vya chuma kilichoyeyushwa pamoja na jiwe moja la blurite, naye anafua upanga mpya. Jiwe hilo liko ndani ya pango la barafu karibu na nyumba yake, na humo mna majitu ya barafu yasiyobembelezeka. Ingia na chakula, pita mbio, chimba jiwe moja, toka.

Malipo ni XP 12,725 za Smithing, yaani kutoka ngazi ya 1 hadi ya 29. Kuyeyusha kipande kimoja cha bronzi kunatoa XP 6.2, kwa hiyo kupata fungu hilo kwa kuyeyusha peke yake ungehitaji vipande zaidi ya 2,000, na kila kimoja kinakula mawe mawili. Nimewaona watu wakiyeyusha bronzi siku nzima kwenye tanuri la Lumbridge, na kila mara nimejizuia kuwaambia, mpaka siku moja nikamwambia mmoja naye akanijibu kwamba yeye anastarehe. Hilo nalo ni jibu, lakini si jibu la anayetaka haraka.

Pai, mawe na vipande vya chuma hupatikana Grand Exchange, soko kuu lililo kaskazini-magharibi ya Varrock. Jua tu kwamba akaunti mpya ya bure inazuiwa kuuza baadhi ya bidhaa humo hadi itimize saa 20 za kucheza, pointi 10 za misheni na jumla ya ngazi 100. Fedha ya kuanzia unaweza kuipata Stronghold of Security, pango lililo chini ya kijiji cha Barbarian, ambako ghorofa tatu za kwanza hutoa zawadi za sarafu 2,000, 3,000 na 5,000 kwa mpangilio huo. Milango yake huuliza maswali kuhusu usalama wa akaunti. Yasome badala ya kubahatisha.

Mapigano: hesabu ya pigo

Kila pointi moja ya uhai unayomtoa adui hukupa XP 4 katika stadi uliyochagua, na nyongeza ya takriban XP 1.33 za Hitpoints, stadi ya uhai wako mwenyewe. Kufika ngazi ya 40 ya Strength, stadi ya nguvu ya pigo, kutoka ya 1, kwa mapigo peke yake, kunahitaji basi uhai 9,306. Ukiligeuza lengo kuwa idadi ya uhai wa kuondoa, unaona mara moja kasoro ya kuku. Kuku ana uhai 3. Ukiwa na nguvu ya kupiga 8, pigo lako linaishia kwenye 3, kilichozidi hakihesabiwi, kisha unatembea kumtafuta mwingine. Ng'ombe ana uhai 8, na ni mwalimu mzuri wa siku ya kwanza. Jitu la vilimani katika pango la Edgeville lina 35, kila kifo chake kinakupa XP 140 na mfupa mkubwa wenye XP 15 za Prayer ukiuzika hapohapo. Kanuni ninayoifuata ni kumchagua adui mwenye uhai mwingi kadiri inavyowezekana, mwenye ulinzi dhaifu, na asiyekulazimisha kula kila dakika.

Mwendo wa silaha ni jambo ambalo wageni hulipuuza kwa sababu halionekani kwenye bei. Mchezo mzima huenda kwa mapigo ya saa ya sekunde 0.6, na kila silaha huhesabu mapigo hayo. Rune scimitar, upanga uliopinda unaohitaji Attack ya 40, hupiga kila baada ya sekunde 2.4, wakati rune longsword hupiga kila baada ya sekunde 3. Kwa dakika moja ya kwanza hupiga mara 25, ya pili mara 20. Ndiyo maana wazoefu wa mchezo wa bure hukimbilia scimitar ya kila madini: mithril ikifika ngazi ya 20, adamant ya 30, rune ya 40.

Kuhusu mgawanyo wa stadi, usitumie mtindo wa kupiga unaogawa XP kwa stadi tatu kwa pamoja, angalau si mwanzoni. Chagua moja. Ukishafikisha Attack inayoruhusu silaha inayofuata, hamia Strength na ukae huko kwa muda mrefu, kwa kuwa ndiyo inayoongeza ukubwa wa pigo lako la juu, na kila pigo kubwa huharakisha mafunzo yote yanayofuata, hata yale ya Defence, stadi ya kujikinga, utakayoyafanya baadaye. Anayeanza na Defence hujenga ngome, ila hana cha kupigia.

Kukata, kuvua na kuchimba

Stadi za kukusanya malighafi zina mtego mmoja ambao nilinaswa nao mwenyewe. Mti wa kawaida hutoa XP 25 kwa gogo, mwaloni 37.5 kuanzia ngazi ya 15, willow 67.5 kuanzia ya 30, na yew 175 kuanzia ya 60. Nilipofika 60 nikaacha willow za Draynor nikahamia yew, nikiwa na hakika kwamba 175 haiwezi kushindwa na 67.5. Baada ya jioni tatu nikagundua ngazi zangu zinapanda polepole kuliko zamani, kwani gogo la yew huchukua muda mrefu mno kutoka, hasa kwa shoka dhaifu, wakati willow hutoa gogo baada ya gogo. Yew ina faida ya fedha, na kwa mwenye kutafuta fedha ni chaguo zuri. Kwa mwenye kutafuta ngazi, namba iliyoandikwa kwenye gogo haina maana hadi uigawanye kwa muda.

Tangu hapo napima. Ninaandika XP niliyo nayo, nacheza dakika kumi kamili bila kubadili chochote, naandika tena, natoa, nazidisha kwa sita. Namba inayopatikana ni XP kwa saa, na ndiyo pekee ninayoiamini kulinganisha sehemu mbili. Kwenye kompyuta programu ya RuneLite, inayoruhusiwa na Jagex, hukufanyia hesabu hiyo. Kwenye simu, karatasi na saa ya ukutani vinatosha. Ukipima utashangaa ni mara ngapi sehemu inayosifiwa na kila mtu inakupa kidogo kuliko kona tulivu uliyoizoea, kwa sababu tu imejaa watu wanaogombea mwamba mmoja.

Kinachopoteza muda zaidi katika stadi hizi ni safari ya benki. Mkoba una nafasi 28. Ukijaa, unatembea, unaweka, unarudi, na muda wote huo XP ni sifuri. Anayetaka kasi hatembei: anaangusha mzigo chini na kuendelea. Kwa Fishing, nenda mto wa kijiji cha Barbarian ukiwa na ngazi ya 20, fimbo ya kuvulia kwa manyoya, na manyoya mengi ya kutosha jioni nzima. Trauti anatoa XP 50, na ukifika ngazi ya 30 samoni anaanza kuingia akiwa na XP 70. Mkoba ukijaa, washa kitufe cha pembeni mwa skrini kilichowekwa kazi ya kudondosha kwa mguso mmoja, pitisha kidole safu kwa safu, na ndani ya nusu dakika unavua tena. Inauma kuona samaki wamelala kwenye majani hivyo. Mara ya kwanza nilipofanya nilijisikia kama niliyemwaga wali. Kama una roho ya kuhifadhi, wapike kabla ya kudondosha, upate na XP za Cooking, ingawa kuvua kwako kutapungua.

Kwa Mining, fuata mtindo uleule katika mawe ya chuma ukiwa na ngazi ya 15, kwa XP 35 kila jiwe. Tafuta mahali ambapo mhusika akisimama anafikia miamba mitatu bila kupiga hatua. Mgodi wa Al Kharid una pahali pa namna hiyo, pamoja na nge wa ngazi ya 14 ambao humsumbua mwenye mwili dhaifu. Makaa ya mawe yana XP 50 lakini hutoka polepole. Kisa ni kilekile cha yew. Firemaking haina ujanja mwingi: nunua magogo, simama mwanzo wa barabara ndefu, na uwashe mfululizo ukirudi nyuma. Kutoka ngazi ya 30 hadi ya 45 kwa magogo ya willow yenye XP 90 kila moja unahitaji magogo kama 535, kwa hiyo ni karibu mikoba 20, na unaweza kupanga bajeti kabla hujawasha la kwanza.

Magic baada ya ngazi ya 55 ndiyo starehe ya mwenye simu. High Level Alchemy, uganga wa kugeuza kitu kuwa sarafu, hutoa XP 65 na hurudiwa kila baada ya sekunde 3, yaani hadi mara 1,200 kwa saa, au XP 78,000 ukiwa hukosi hata mguso mmoja. Kabla ya kununua bidhaa ya kugeuza, toa bei yake na bei ya nature rune, jiwe linaloliwa na kila uganga wa namna hiyo, kutoka kwenye sarafu utakazopewa. Ukipoteza kidogo kwa kila mguso si neno, kwa kuwa unanunua ngazi. Ukipoteza nyingi, badili bidhaa.

Kuhusu uanachama

Mwanachama hupata mafungu makubwa zaidi. Waterfall Quest haidai ngazi yoyote na inalipa XP 13,750 za Attack na nyingine 13,750 za Strength, zinazomtoa mtu ngazi ya 1 hadi ya 30 katika stadi zote mbili bila kuua adui hata mmoja, mradi ajue kukimbia. Witch's House hulipa XP 6,325 za Hitpoints. Ukijumlisha Waterfall, Fight Arena, Tree Gnome Village na The Grand Tree, Attack pekee inafika 55,775, ambayo ni ngazi ya 44. Baada ya hapo kuna kaa wa mchangani huko Hosidius: wana uhai 60, pigo lao la juu ni 1, na hukujia wenyewe. Baada ya dakika 10 huacha kukushambulia. Kimbia mbali nao, kisha rudi. Kaa hao wanamfaa anayecheza huku akipika au akisubiri daladala, kwa sababu hawahitaji jicho la kudumu.

Uanachama unaweza kununuliwa kwa sarafu za mchezo kupitia bondi, nayo hutoa siku 14. Usiifungue bondi siku ile uliyoipata. Kwanza andika orodha ya misheni utakazozifanya kwa mpangilio, nunua vifaa vyake, hakikisha una bando au Wi-Fi ya siku hizo, ndipo uifungue. Nilifungua ya kwanza usiku wa Jumapili, umeme wa mtaani kwetu ukakatika Jumatatu na Jumanne, na siku zilihesabiwa kama kawaida.

Mambo yanayorudisha nyuma

Mtandao ukikatika katikati ya vita, mhusika hubaki uwanjani kwa muda akipigwa. Kwa aliye Afrika Mashariki, seva za Uingereza na Ujerumani kwa kawaida hujibu upesi kuliko za Marekani au Australia, na kwenye mapigano tofauti hiyo ni uhai. Usipeleke mafunzo yako Wilderness, eneo la kaskazini ya Edgeville ambako wachezaji wengine wanaruhusiwa kukuua na kuchukua vitu vyako. Hakuna XP ya mwanzo inayostahili hasara hiyo, na anayekualika huko kukuonyesha "sehemu nzuri" mara nyingi ana wenzake wanaosubiri.

Programu za kujibofyea zenyewe, pamoja na kumpa mtu mwingine akaunti akupandishie ngazi kwa malipo, zimekatazwa na kanuni za mchezo, na adhabu yake huweza kuwa kufungiwa akaunti moja kwa moja. Kwa hesabu ya kasi tu, akaunti iliyofungiwa ni ngazi ya 1. Weka uthibitishaji wa hatua mbili na namba ya siri ya benki siku ileile unayoanza, kwa kuwa mhusika wa ngazi ya 60 ana thamani kwa wezi kuliko wa ngazi ya 3, na wengi hukumbuka kufunga mlango wakiwa tayari wameibiwa. Mtu akisema atakurudishia sarafu maradufu ya utakazompa, mpite uendelee kuvua.